Mpinga Vita Aliyetia Saini Barua ya Bomu: Kumfahamu Einstein Nje ya Fizikia

Katika barua ambayo Albert Einstein alimpelekea Rais Franklin Roosevelt, yenye tarehe 2 Agosti 1939, kuna sentensi moja ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita haraka. Inasema kwamba Marekani ina urani hafifu sana, tena ya kiasi cha wastani, kwamba Kanada na iliyokuwa Chekoslovakia zina urani nzuri kiasi, na kwamba chimbuko kubwa kuliko yote liko Kongo ya Wabelgiji. Barua haikutaja mgodi, lakini mgodi uliojulikana ulikuwa mmoja: Shinkolobwe, jirani na Likasi, huko Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya mgodini na ya nyumbani. Baadhi ya mawe ya Shinkolobwe yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali kwingineko wachimbaji waliridhika na mawe yasiyofika hata asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko.

Aliyetia saini barua hiyo ni mtu yule yule aliyesimama New York mwezi Desemba 1930 akasema kwamba vita vitakoma siku ambayo asilimia mbili tu ya vijana wanaoitwa jeshini watakataa kwenda, kwa kuwa hakuna serikali itakayothubutu kuwafunga watu wengi kiasi hicho. Baada ya hotuba hiyo, vijana wapenda amani wa Marekani walivaa beji zilizoandikwa «2%». Miaka tisa haijatimia, msemaji yule anamhimiza rais afuatilie kwa karibu jambo linaloweza kuzaa bomu la kufuta bandari nzima. Nini kilitokea hapo katikati?

Swali hilo ni moja tu kati ya mengi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na Einstein amekuwa ngoma ya kila mtu. Wahubiri humnukuu kuthibitisha kwamba Mungu yupo, na wasioamini humnukuu kuthibitisha kwamba hayupo. Wajamaa wana makala yake ya mwaka 1949. Wazayuni wanakumbusha kwamba aliombwa awe Rais wa Israel, na wapinzani wao wanakumbusha kwamba mwaka 1948 aliweka jina lake kwenye barua iliyokifananisha chama cha Menachem Begin, mwanasiasa wa Israel, na vyama vya Kifashisti. Nukuu nyingi kati ya hizi ni za kweli. Zinapogongana, ni kwa sababu zimeng'olewa kutoka mahali zilipoota.

Mimi naona fundo hili linafunguka ukianzia penye dhamiri. Einstein hakukubali kwamba mtu anaweza kuikabidhi dhamiri yake kwa mwingine akabaki salama, awe huyo mwingine ni jeshi, chama, dini au taifa lake mwenyewe. Ukishika uzi huo, mengi yanajipanga. Yapo yasiyojipanga, nami nitayafikia.

Alizaliwa Ulm, Ujerumani, tarehe 14 Machi 1879, katika nchi ambayo sare ya jeshi ilikuwa heshima kuu ya mwanamume. Shule yake ya Munich aliichukia kwa ukali wake wa kikambi, akaiacha akiwa na miaka 15. Januari 1896, hata kabla hajatimiza miaka 17, aliukana uraia wake kwa idhini ya baba yake, akaepuka jeshi la lazima. Kwa miaka mitano hakuwa raia wa nchi yoyote, mpaka Uswisi ilipompokea mwaka 1901. Baadaye, katika insha ya mwaka 1930, aliandika kwamba mtu anayefurahia kutembea mguu sawa nyuma ya bendi amepewa ubongo kwa makosa, kwani uti wa mgongo ungemtosha. Maneno makali, na aliyakusudia.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuja mwaka 1914, miezi michache tu baada ya yeye kuhamia Berlin kuchukua cheo kilichomfanya kuwa miongoni mwa wanasayansi waliolipwa vizuri zaidi Ulaya. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na mwezi Oktoba wasomi 93 wa Ujerumani wakatoa tamko la kuunga mkono jeshi lao na kukana kwamba lilitenda maovu Ubelgiji. Mwanafizikia Max Planck, aliyemleta Berlin, alitia saini. Mwanakemia Fritz Haber, rafiki yake, alitia saini pia, na miezi sita baadaye akasimamia mashambulizi ya gesi ya klorini huko Ypres. Tabibu Georg Nicolai aliandika tamko la kupinga, akiwaita watu wa Ulaya waungane. Alilizungusha kwa wasomi wa Berlin. Waliokubali kulitia saini, pamoja naye mwenyewe, walikuwa wanne, na Einstein alikuwa mmoja wao.

Tuangalie alichokipinga pale. Vita alivichukia, ndiyo, lakini kilichomshtua zaidi ni urahisi wa watu wenye akili nyingi kuzisalimisha akili zao mara tu taifa lilipopiga tarumbeta. Utaifa aliuita ugonjwa wa utotoni, surua ya wanadamu. Rai yake ya kukataa jeshi ilitoka hapo: anayeamriwa kuua ana haki, tena ana wajibu, wa kusema hapana.

Kisha akaja Hitler. Machi 1933 Einstein, akiwa amerejea Ulaya kutoka Marekani, alijiuzulu kutoka Chuo cha Sayansi cha Prussia, akakaa kwa muda katika kijiji cha pwani nchini Ubelgiji. Mwezi Julai aliulizwa kuhusu vijana wa Kibelgiji waliokataa jeshi. Wenzake wa harakati za amani walitarajia awatetee. Akajibu kwamba kwa hali ilivyo, lau angekuwa Mbelgiji asingekataa kutumikia jeshi, angeingia kwa moyo mkunjufu akijua kwamba anasaidia kuuokoa ustaarabu wa Ulaya. Wapenda amani walimwita msaliti.

Kwa hoja yake mwenyewe hakuwa amegeuka. Kukataa jeshi ni silaha inayomwaibisha mtawala mwenye kuweza kuaibika. Mbele ya utawala ulioamua kuangamiza watu, anayekataa kushika bunduki anawaachia wengine wafe. Miaka 20 baadaye alimweleza Mjapani mmoja aliyeandikiana naye kwamba yeye ni mpenda amani wa dhati, lakini si wa kila hali: nguvu inaruhusiwa pale tu adui anapokusudia kufuta uhai wako na wa watu wako. Mpaka huo unaweza kubishaniwa, maana kila jenerali husema adui yake yuko hivyo. Katika mwaka 1933, kuhusu Ujerumani, nasema aliona sawasawa, na aliona kabla ya wanasiasa wengi wa Uingereza na Ufaransa.

Ndipo tunarudi kwenye barua. Julai 1939 wanafizikia wawili wakimbizi kutoka Hungaria, Leo Szilárd na Eugene Wigner, walimfuata katika nyumba aliyopanga kwa likizo huko Long Island. Hawakwenda kwanza kwa ajili ya Roosevelt. Walikwenda kwa ajili ya Kongo. Walijua kwamba Einstein alikuwa rafiki wa Elisabeth, aliyekuwa Malkia wa Ubelgiji, na walitaka Wabelgiji waonywe wasiiuzie Ujerumani urani ya Katanga. Szilárd alipomweleza jinsi kiini kimoja cha urani kikipasuka kinavyoweza kupasua vingine kwa mnyororo, Einstein alisema hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Mlingano wake maarufu wa mwaka 1905, E = mc², unaeleza kwa nini nishati hiyo ni kubwa mno. Njia ya kuifungulia mlango waliigundua wengine. Baada ya mashauriano, barua ikaelekezwa kwa rais, Szilárd akiwa mwandishi mkuu na Einstein mtia saini.

Bomu lenyewe hakushiriki kulitengeneza. Julai 1940 jeshi la Marekani lilimnyima kibali cha usalama kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa, na mradi wa siri wa kutengeneza bomu ukaendelea bila yeye. Baada ya vita alisema kwamba angalijua Wajerumani hawatafanikiwa, asingalifanya lolote. Mwezi Novemba 1954 alimwambia mwanakemia Linus Pauling kwamba kutia saini barua ile lilikuwa kosa moja kubwa la maisha yake, ingawa ilikuwepo sababu: hatari ya Wajerumani kulitengeneza kwanza.

Hapa nina neno langu. Barua ile inataja madini ya Kongo, na watu waliokuwa wakiyachimba hawamo. Ilikuwa barua ya tahadhari ya vita, si ya haki za wafanyakazi, na sitaki kuibebesha mzigo usio wake. Hata hivyo ninapoisoma najiuliza ni mara ngapi Katanga imeandikwa hivyo na watu wema: kama ghala, bila wenyeji.

Baada ya Hiroshima hakurudi kwenye ile asilimia mbili. Alihitimisha kwamba maadamu kila taifa linabaki mwamuzi wa kesi yake lenyewe, silaha hizi siku moja zitatumika tena, kwa hiyo silaha kubwa ziwekwe chini ya serikali ya dunia yenye sheria na nguvu ya kuzisimamia. Mwaka 1946 akawa mwenyekiti wa Kamati ya Dharura ya Wanasayansi wa Atomiki, na mwaka 1947 akaliandikia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa barua ya wazi. Wanasayansi wanne wa Kisovieti walimjibu kwamba serikali ya dunia ni joho la mabepari wanaotaka kutawala kila mahali. Wamarekani wengi, kwa upande wao, walimwona kibaraka wa Moscow. Naona rai hii ndiyo dhaifu kuliko zote alizotoa. Hakueleza vizuri ni nani angeilinda dhamiri ya mtu dhidi ya serikali ambayo hakuna mpaka wa kukimbilia nje yake, na yeye mwenyewe aliokoka kwa kuvuka mipaka.

Kuhusu Mungu, mkanganyiko ni wa maneno zaidi kuliko wa mawazo. Mwaka 1929 rabi mmoja wa New York, Herbert Goldstein, alimpelekea simu ya maandishi akimuuliza kwa ufupi: unamwamini Mungu? Alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa ulimwengu, wala hamwamini Mungu anayejishughulisha na majaaliwa na matendo ya wanadamu. Baruch Spinoza, mwanafalsafa Myahudi aliyetengwa na jumuiya yake ya Amsterdam mwaka 1656, alifundisha kwamba Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Mungu huyo haombwi mvua, hasikii dua, hatoi thawabu wala adhabu. Kwa Mwislamu au Mkristo wa kawaida, huyo si Mungu anayemjua. Januari 1954 Einstein aliandika waziwazi zaidi, katika barua kwa mwanafalsafa Eric Gutkind, kwamba neno Mungu kwake ni zao la udhaifu wa binadamu. Wakati huohuo alikataa kuwekwa kundi moja na wakana Mungu wenye kelele, kwa sababu alihisi mbele ya maumbile unyenyekevu ambao hakuona neno jingine la kuuita isipokuwa dini.

Nukuu inayopotoshwa kuliko zote ni ile ya dadu. Mungu hachezi dadu, husemwa mimbarani kana kwamba ni ushuhuda wa imani. Kiini chake ni barua aliyomwandikia rafiki yake Max Born, tarehe 4 Desemba 1926, kulalamikia fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya atomu na chembe zake. Chukua chembe ya radiamu. Fizikia hiyo inaweza kukuambia nusu ya atomu zake zitavunjika baada ya muda gani, lakini haikuambii ni atomu ipi itavunjika leo na ipi itabaki miaka elfu, na inadai kwamba jibu la swali hilo halipo popote. Einstein hakuweza kulikubali dai hilo. Kwake kila tukio lina sababu, na ulimwengu upo ulivyo hata kama hakuna anayeutazama. Alimuuliza Abraham Pais, mwanafizikia kijana, walipokuwa wakitembea: hivi kweli unaamini mwezi upo pale tu unapoutazama?

Katika hili maumbile hayakumpa alichotaka. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha namna ya kulipima suala hilo maabarani, na vipimo vya miaka iliyofuata, vilivyowapa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022, vilionyesha kwamba picha ya ulimwengu aliyoitaka Einstein, ambamo kila kitu kina hali yake pale kilipo na hakiguswi papo hapo na kilicho mbali, haiwezi kusimama nzima.

Imani hiyo ya sababu ilifika hadi kwa mwanadamu. Alisema kwamba katika kuwaza, kuhisi na kutenda, watu wamefungwa na sababu kama nyota zilivyofungwa katika mwendo wake. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kadari, lakini tofauti ni kubwa: katika kadari yuko aliyeandika, na kwa Einstein hakuna mwandishi, kuna mnyororo tu. Akasema anajua kifalsafa kwamba muuaji hawajibiki kwa kosa lake, lakini asingependa kunywa naye chai.

Sasa, ikiwa hakuna aliye huru, kwa nini atumie nusu ya maisha yake kuwahimiza watu wakatae? Yeye aliona kwamba imani hiyo ilimpunguzia chuki na kumpa subira kwa watu. Naongeza langu: katika ulimwengu wa sababu, neno la mtu nalo ni sababu. Tamko lililotiwa saini na wanne mwaka 1914 halikusimamisha vita, lakini lilikuwemo ulimwenguni, na wengine walilisoma. Hata hivyo sidhani kama ufa kati ya falsafa yake na siasa yake unazibika kabisa. Aliishi nao.

Makala yake ya ujamaa ilitoka Mei 1949 katika toleo la kwanza la jarida la Monthly Review la New York. Neno ujamaa kwetu lina sura ya Nyerere na Azimio la Arusha la mwaka 1967, hivyo ni vyema kuiweka sura hiyo kando kidogo. Einstein alizungumzia mabepari wachache wanaomiliki nyenzo za uzalishaji, magazeti na shule, kiasi kwamba hata mpiga kura hapati habari za kumwezesha kuamua. Ubaya mkubwa kuliko wote, alisema, ni namna mashindano yanavyomlemaza mtu binafsi tangu shuleni, akifundishwa kuabudu mafanikio. Aliunga mkono uchumi wa kupangwa. Kisha, mwishoni, akageuka na kuuliza wenzake wa mrengo huohuo: uchumi wa kupangwa unaweza kwenda sambamba na utumwa kamili wa mtu, basi mtazuiaje watendaji wa serikali wasiwe miungu watu? Wanaoinukuu makala hii nusu, wa upande wowote, huliacha swali hilo.

Jicho hilohilo alilielekeza kwa watu wake. Aliusaidia Uzayuni kwa dhati. Mwaka 1921 alizunguka Marekani na Chaim Weizmann, kiongozi wa Wazayuni, kukusanya fedha za Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Lakini mwaka 1929 alimwandikia Weizmann kwamba wasipopata njia ya kushirikiana na Waarabu kwa uaminifu, watakuwa hawakujifunza lolote katika mateso ya miaka 2,000. Mwaka 1938 alisema hadharani kwamba angependelea makubaliano ya kuishi pamoja na Waarabu kuliko kuundwa kwa dola la Kiyahudi. Dola lilipoundwa, alilikubali na kulitakia mema. Novemba 1952 aliombwa awe rais wake, akakataa kwa kusema hana uwezo wa kushughulika na watu.

Kuhusu ubaguzi wa rangi alikuwa wazi zaidi ya karibu kila mwanasayansi mweupe wa Marekani wa wakati wake. Mwaka 1937 mwimbaji Marian Anderson aliimba Princeton akanyimwa chumba hotelini kwa sababu ya weusi wake. Alilala nyumbani kwa Einstein. Mei 1946 alikwenda Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha watu weusi alichohitimu Kwame Nkrumah mwaka 1939, akasema kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa watu weupe na kwamba hakusudii kuunyamazia. Magazeti makubwa yaliyofuatilia kila nyayo yake yaliipita hotuba hiyo kimya. Mwaka 1951 W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mweusi na mtetezi wa haki, aliposhtakiwa kuwa wakala wa nchi ya kigeni, Einstein alijitolea kuwa shahidi wa mwenendo wake mwema. Jaji akaifuta kesi kabla hajapanda kizimbani.

Hapa ndipo penye lile lisilojipanga. Katika shajara za safari yake ya Asia ya miaka 1922 na 1923, zilizotoka kwa Kiingereza mwaka 2018, aliwaandika Wachina kwa dharau, kama watu wachafu na wazito wa akili, akaona ingekuwa hasara kama wangezipiku jamii nyingine. Hakuandika kwa ajili ya umma, na hilo halipunguzi kitu. Ugonjwa aliouita wa watu weupe ulikuwemo ndani yake pia. Alipoupinga akiishi Marekani, alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo wake.

Shirika la upelelezi la FBI lilimfungulia jalada tangu mwaka 1932, likafikia zaidi ya kurasa 1,400. Hakunyamaza. Mwaka 1953 mwalimu mmoja wa Brooklyn, William Frauenglass, aliitwa mbele ya kamati ya Seneti iliyowasaka Wakomunisti, akamwomba ushauri. Einstein akamjibu, jibu likachapishwa gazetini: wasomi wote wanaoitwa wakatae kutoa ushahidi, wawe tayari kwa jela na umaskini. Ni ile hotuba ya New York imerudi, safari hii mahali pa bunduki pakiwa na maswali.

Tarehe 11 Aprili 1955 alitia saini tamko lililoandaliwa na mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, likizitaka serikali zikubali kwamba vita vya nyuklia vitawamaliza wanadamu na zitafute njia nyingine ya kumaliza ugomvi wao. Siku chache baadaye mshipa mkuu wa damu tumboni ukaanza kupasuka. Alikataa upasuaji. Akiwa kitandani hospitalini Princeton aliomba miwani, kalamu na karatasi zake. Alipofariki tarehe 18 Aprili, aliacha kurasa za milinganyo ya nadharia aliyoitafuta kwa miaka 30, ile ambayo ingeondoa dadu katika maumbile, na rasimu ya hotuba ya siku ya uhuru wa Israel. Rasimu hiyo inaanza kwa kusema kwamba leo hasemi kama raia wa Marekani wala kama Myahudi, anasema kama binadamu. Haikumalizika.